J. J. Thomson na jina alilolikataa

Ukisimama kando ya barabara inayotoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, utayaona malori yakipita yamepakia mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Mabamba hayo watu wa hapa huyaita kathodi. Mzee aliyetumika katika kiwanda cha Shituru kule Likasi, dereva wa lori, mtu wa forodha, hata kijana anayeuza maji mpakani, wote wanalijua neno hilo, na kwao maana yake ni moja: shaba iliyokwisha kusafishwa kwa umeme, tayari kuuzwa ng'ambo. Kwa hiyo mwanafunzi wa fizikia anapotaja miale ya kathodi, mtu wa Katanga ana haki ya kuuliza bamba la shaba linatoaje miale.

Swali hilo niliwahi kulisikia likiulizwa kwa utani mbele ya mwenzetu wa kitivo cha sayansi. Alicheka, akasema maelezo yapo, lakini kwa Kifaransa tu. Kiswahili kitakwama kabla ya nusu ya njia. Sisi tunaosoma lugha tumezoea kuambiwa hivyo, na mara nyingi tunajibu kwa hotuba juu ya utajiri wa lugha zetu. Naona ni afadhali kulieleza jambo lenyewe. Nitafanya hivyo kwa kusimulia maisha ya Joseph John Thomson, Mwingereza ambaye wenzake walimwita J. J., kwa sababu ndani ya maisha yake kuna kisa cha maneno ambacho watu wa fizikia hukipitia mbio na sisi tungepaswa kukisimamia.

Nianze na neno lenyewe. Mwaka 1834 Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, mtu aliyejisomea mwenyewe huko London, alikuwa akipitisha umeme ndani ya maji ya chumvi na ya asidi, akakosa majina ya vitu alivyoviona. Kigiriki hakukijua. Alimwandikia William Whewell, mwanachuoni wa Trinity College, Cambridge, mtu aliyependa kuunda maneno, naye akampa anodi, kathodi na ioni. Kathodi kwa Kigiriki ni njia ya kushuka. Faraday aliwaza umeme ukisafiri pamoja na jua kutoka mashariki kwenda magharibi, hivyo anodi ikawa upande jua linakopanda na kathodi upande linakozama. Lau Whewell angekuwa mtu wa Unguja angeweza kusema mawio na machweo, na maana isingepotea hata kidogo.

Katika kiwanda kama kile cha Shituru, kilichoanza kazi 1929 chini ya Union Minière, bamba jembamba hutumbukizwa ndani ya maji yenye asidi na shaba iliyoyeyushwa. Huunganishwa na upande hasi wa umeme, na shaba hutoka majini ikijishika juu yake siku baada ya siku. Katika mrija wa kioo wa wanafizikia, kathodi ni kipande cha metali kilichounganishwa na upande huohuo hasi. Jina ni moja kwa sababu nafasi ni moja. Tofauti ni kwamba ndani ya mrija hakuna maji, na hewa yenyewe imenyonywa hadi ikabaki kidogo mno.

Thomson alizaliwa tarehe 18 Desemba 1856 huko Cheetham Hill, pembeni ya Manchester, mji wa pamba na moshi. Baba yake aliuza vitabu, biashara aliyoirithi kwa wazee wake. Mpango wa nyumbani ulikuwa kijana awe fundi mhandisi katika kampuni ya kutengeneza vichwa vya treni. Zamu ya kupokelewa ilikuwa ndefu, kwa hiyo mwaka 1870, akiwa na miaka 14 hivi, akapelekwa Owens College asubirie huko. Mwaka 1873 baba akafa. Ada ya uanagenzi ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa mjane, na treni zikamkosa J. J. Walimu wake walimsukuma kuelekea hisabati, na mwaka 1876 akaingia Trinity College kwa msaada wa masomo. Hakuondoka Cambridge tena hadi kufa.

Katika mtihani mkuu wa hisabati wa 1880 alishika nafasi ya pili, nyuma ya Joseph Larmor. Miaka 4 baadaye likatokea jambo lililowashangaza wengi. Maabara ya Cavendish, iliyokwisha kuongozwa na James Clerk Maxwell kisha Lord Rayleigh, ilihitaji profesa, na akachaguliwa Thomson, aliyekuwa ametimiza miaka 28 siku chache tu kabla. Waliolalamika walikuwa na hoja: huyu alikuwa mtu wa karatasi na kalamu, na mikono yake ilikuwa mizito. Wasaidizi wa maabara waliogopa akisogelea kioo. Vyombo vyake vilitengenezwa na Ebenezer Everett, fundi wa kupuliza kioo, na mara nyingi Everett ndiye aliyeendesha jaribio huku profesa akisoma vipimo. Vitabu vya shule humtaja Thomson peke yake. Mimi nasema bila pumzi na vidole vya Everett mrija ule usingekuwapo, na hesabu za Thomson zingebaki bila kitu cha kuhesabu.

Mwaka 1890 alimwoa Rose Paget, binti wa profesa wa tiba, ambaye alikuwa amehudhuria masomo yake na kufanya utafiti katika maabara hiyohiyo. Wakati ule wanawake wa Cambridge waliruhusiwa kusikiliza na kufanya mitihani, ila digrii kamili hawakupewa hadi 1948. Rose aliacha utafiti, akawa mwenyeji wa chai ya maabara. Walizaa watoto wawili, George na Joan. George atarudi mbele.

Sasa miale. Tangu miaka ya 1850, mafundi wa Ujerumani walipopata pampu nzuri za kunyonya hewa, ilijulikana kwamba ukipitisha umeme wa nguvu katika mrija uliobaki na hewa kidogo, kioo cha upande ulio mkabala na kathodi hung'aa rangi ya kijani. Ukiweka kitu katikati, kivuli chake huonekana kwenye kioo. Basi kuna kitu kinachotoka kwenye kathodi na kwenda moja kwa moja. Eugen Goldstein alikiita miale ya kathodi mwaka 1876. Kukipa kitu jina ni rahisi kuliko kujua ni nini, na juu ya hilo Ulaya iligawanyika karibu kwa mipaka ya nchi. Wajerumani wengi walisema ni mawimbi, jamaa ya mwangaza. Waingereza wengi, William Crookes akiwa mbele, walisema ni chembe zenye chaji ya umeme.

Hoja za Wajerumani hazikuwa za ukaidi. Mwaka 1883 Heinrich Hertz alipitisha miale kati ya mabamba mawili yenye umeme, moja chanya na moja hasi. Chembe yenye chaji ingevutwa upande mmoja, miale haikupinda. Kisha Philipp Lenard akaonyesha kwamba miale hupenya karatasi nyembamba ya metali na kutoka nje hewani, jambo ambalo atomu haiwezi. Upande wa pili, mwaka 1895, Jean Perrin huko Ufaransa aliikusanya miale ndani ya kopo la metali, akakuta kopo limejaa chaji hasi. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, Wilhelm Röntgen akichezea mrija wa namna hiyo aligundua miale ya X. Miezi michache baadaye Henri Becquerel, akifuata nyayo za habari hiyo, akagundua kwamba uraniamu hutoa miale yake yenyewe. Ugunduzi huo ndio uliofanya mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yasafirishwe hadi Ubelgiji kutolewa radiamu kuanzia 1922. Mrija wa kioo wa Ulaya ulifika Katanga kwa njia hiyo kabla hata ya televisheni.

Thomson aliirudia kazi ya Hertz. Kwanza naye hakuona miale ikipinda. Hapo ndipo naona akili yake ilipofanya kazi kuliko mikono ya mtu yeyote. Aliwaza hivi: miale inapopita katika gesi iliyobaki, huifanya gesi hiyo ipitishe umeme. Vipande vya gesi vyenye chaji hukimbilia mabamba, vile chanya kwenye bamba hasi na vile hasi kwenye bamba chanya, na kuyafunika kama blanketi. Nguvu ya mabamba huzimwa kabla haijaigusa miale. Kama ni hivyo, dawa ni kunyonya gesi zaidi, karibu na ombwe kamili kadiri pampu za 1897 zilivyoruhusu. Everett alinyonya, akanyonya tena. Miale ikapinda, kuelekea bamba chanya, hata mabamba yalipotofautiana kwa volti 2 tu. Hertz alikwisha kufa mwaka 1894, akiwa na miaka 36, na hakupata nafasi ya kujibu.

Mrija wenyewe ulikuwa hivi. Upande mmoja kathodi. Mbele yake anodi yenye ufa mwembamba, na nyuma yake ufa wa pili, ili kati ya miale yote upite uzi mmoja tu. Uzi huo ulipita katikati ya mabamba mawili ya alumini yenye urefu wa sentimita 5 hivi, kisha ukasafiri hadi mwisho wa mrija, sehemu iliyotanuka kama boga, na kugonga kioo. Pale palionekana doa dogo linalong'aa, na nje ya kioo palibandikwa kipimo cha kusoma doa limesogea kiasi gani. Pande mbili za mrija, mahali pa mabamba, paliwekwa koili za waya zinazofanya kazi ya sumaku. Umeme wa mabamba huvuta uzi juu au chini. Sumaku nayo, ikipangwa vizuri, huvuta kwenye mstari huohuo.

Thomson alitafuta mambo mawili asiyoyajua: kasi ya chembe, na masi yake kwa kila kipimo cha chaji. Ujanja wake ulitegemea tofauti moja. Nguvu ya umeme haijali chembe inakwenda mbio au polepole, husukuma sawasawa. Nguvu ya sumaku hukua kadiri chembe inavyokwenda mbio. Basi alipima kwanza doa linasogea kiasi gani kwa umeme peke yake, kisha akazima umeme na kuiongeza sumaku hadi doa lisogee kiasi kilekile. Misogeo ikiwa sawa, nguvu ni sawa, na ukigawanya ukali wa umeme kwa ukali wa sumaku unapata kasi. (Vitabu vingi husema aliwasha vyote viwili kwa pamoja hadi doa lirudi katikati. Wazo ni lilelile, lakini mwaka 1897 alilinganisha misogeo miwili.) Kasi ilitoka kati ya kilomita 20,000 na 40,000 kwa sekunde, karibu moja ya kumi ya kasi ya mwangaza. Wimbi la mwangaza lisingekwenda polepole namna hiyo.

Ukishajua kasi, unajua chembe ilikaa muda gani kati ya mabamba. Na ukijua ilikaa muda gani na ikasogea kiasi gani, unajua ni nyepesi kuvutwa kiasi gani. Mpira wa kitambaa na jiwe lenye ukubwa huohuo, vikipigwa na upepo mmoja kwa muda mmoja, havitasogea sawa. Msogeo wenyewe ndio mizani. Mizani ya Thomson ilisema kwamba masi ya chembe hii, ikigawanywa kwa chaji yake, ni ndogo karibu mara 1,000 kuliko ile ya ioni ya hidrojeni, kitu chepesi kuliko vyote vilivyojulikana.

Alibadilisha gesi: hewa, hidrojeni, gesi ya kaboni. Alibadilisha metali ya kathodi, alumini kisha platini. Namba ilibaki karibu ileile. Hili, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko namba yenyewe. Chembe haikuwa ya gesi fulani wala ya metali fulani. Ilikuwamo katika kila kitu. Thomson akathubutu kusema kwamba atomu, ambayo kwa Kigiriki maana yake ni kisichokatika, inakatika.

Alitangaza hayo London tarehe 30 Aprili 1897, na maandishi kamili yakatoka Oktoba. Baadhi ya wasikilizaji hawakuamini. Baadaye alisimulia kwamba mmoja wao, mtu mwenye heshima, alidhani wanafanyiwa utani. Haki itendeke pia kwa wengine. Emil Wiechert huko Königsberg na Walter Kaufmann huko Berlin walipima uwiano huo mwaka huohuo, na vipimo vya Kaufmann vilikuwa safi kuliko vya Thomson. Kaufmann hakuona ruhusa ya kusema kuna chembe. Thomson aliiona, na pengo lililobaki aliliziba mwaka 1899. Maana mtu angeweza kudai kwamba uwiano ni mdogo kwa sababu chaji ni kubwa mno, na masi ni ya kawaida. Kwa kutumia matone ya mvuke, njia aliyojifunza kwa mwanafunzi wake C. T. R. Wilson, alipima chaji yenyewe akakuta ni sawa na ya ioni ya hidrojeni. Basi udogo ulikuwa wa masi. Leo tunajua chembe hii ni nyepesi mara 1,836 kuliko kiini cha hidrojeni.

Na jina? Hapa ndipo kisa kinapofika mlangoni kwetu. Thomson aliita chembe yake kwa neno la Kilatini lenye maana ya mwili mdogo. Sisi wenye kipashio cha kudunisha tungesema kijimwili bila kumuuliza Whewell yeyote. Lakini neno elektroni lilikuwapo tayari. George Johnstone Stoney, Mwairelandi, alilitoa mwaka 1891 kwa kipimo cha asili cha chaji, yaani kiasi, bila kusema kina mwili. George FitzGerald, naye Mwairelandi, mwaka uleule wa 1897 alipendekeza vitu vya Thomson viitwe elektroni. Larmor, yule aliyempita mtihanini, alikuwa analitumia katika nadharia yake. Thomson alikataa. Kwa miaka mingi, wakati dunia nzima ilisema elektroni, yeye aliendelea na kijimwili chake. Hata alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1906, kwa kazi yake juu ya umeme ndani ya gesi, hotuba yake ilishika neno lake.

Wengine huona ni ukaidi wa mzee. Sikubaliani nao. Katika elektroni ya Stoney na Larmor kulikuwa na nadharia nzima ya ether ambayo Thomson hakuipima. Yeye alikuwa amepima kitu chenye masi, na alitaka jina liseme hivyo. Alishindwa kwa sababu ambayo mwanafunzi wa lugha anaijua: neno halimsikilizi aliyeligundua jambo, huwasikiliza wanaolitamka kila siku. Neno la kathodi limepita njia hiyohiyo hapa kwetu, likahama kutoka machweo ya Faraday hadi mgongoni mwa lori, na hakuna profesa wa kulirudisha.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Mwaka 1904 Thomson alichora atomu kama donge la chaji chanya lenye elektroni ndani yake, mchoro ambao mwanafunzi wake Ernest Rutherford aliuvunja mwaka 1911. Akiwa na Francis Aston aliipindisha miale chanya ya neoni, akakuta atomu za uzito wa 20 na za 22. Mtu aliyeogopwa na vioo akalea kizazi kizima: Rutherford, Aston, Wilson, Barkla na Richardson wote walipata Nobel. Mwaka 1918 alifanywa mkuu wa Trinity, akahamia katika nyumba aliyoishi Whewell, mtunga wa kathodi, alipokuwa mkuu wa chuo hichohicho.

Kisha George. Akiwa profesa huko Aberdeen, mwaka 1927 alipitisha elektroni katika utando mwembamba wa metali, akaona duara ndani ya duara, alama ambayo hutolewa na mawimbi. Mwaka 1937 akapewa Nobel pamoja na Mmarekani Clinton Davisson. Kwa namna fulani Wajerumani wa Hertz walikuwa wameona kitu cha kweli, ingawa kwa hoja isiyo sahihi, na aliyewapa haki yao alikuwa mtoto wa yule aliyewashinda. Baba alikuwa hai, karibu anatimiza miaka 81.

J. J. Thomson alifariki Cambridge tarehe 30 Agosti 1940. Majivu yake yako Westminster Abbey, London, karibu na Newton, na karibu na Rutherford, mwanafunzi aliyemtangulia kwa miaka karibu 3.